Jaribio la chakula cha protini iliyovunjwa: kwa vijana wa atachimenti (mafunzo kazini) katika kliniki ya mifugo

Wadogo zangu, jaribio hili ni kumlisha mbwa au paka anayejikuna au kuharisha chakula kimoja tu, chenye protini iliyokatwa vipande vidogo, kwa wiki 8, tuone kama aleji ya chakula ndiyo chanzo. Kila kundi jipya likiingia kliniki, haipiti muda kabla mtu hajaandika kwenye faili: "Chakula cha aleji kimeshindwa." Jamani, someni kwanza mnyama huyo alikula nini.

1. Uliza kila kinachoingia mdomoni. Mwenye mbwa wa Nyali, hapa Mombasa, ataapa kuwa hampi kingine, na kwa anavyojua yeye, anasema kweli. Hajui kwamba askari wa usiku humgawia tonge la ugali lenye mchuzi wa nyama, wala kwamba mtoto humwachia kipande cha hamri. Na kinachouma zaidi ni sisi wenyewe: tunauza mfuko wa chakula hicho kwa bei kali, halafu kwenye kaunta ile ile tunatoa tembe ya viroboto ya kutafuna yenye ladha ya nyama. Enzaimu zimekata protini ya mfuko vipande vidogo, visivyoweza kuunganisha kingamwili za IgE (zile za aleji) juu ya seli za masti, zinazomwaga kemikali za mwasho. Ladha ya tembe inaweza kuleta protini nzima. Mbwa anaendelea kujikuna, wiki ya 5 mwenyewe anachoka, tunaandika "si chakula", na mnyama anaishia kwenye prednisolone, steroidi ya kutuliza mwasho, ya miaka kwa sababu ya kitafunwa kimoja. Soma lebo kabla ya siku ya kwanza: dawa ya minyoo, dawa ya meno, kapsuli za jelatini. Kwa viroboto, tumia dawa ya kudondoshea shingoni. Kidonge kifiche ndani ya chakula cha kopo cha aina hiyo hiyo. Mpigie simu askari pia, yeye ndiye mwenye zamu ya usiku.

2. Angalia protini imetoka wapi. Mwenye aleji ya kuku bado anaweza kusumbuliwa na protini ya kuku iliyovunjwa. Aliyelelewa kwa kuku mpe ya soya. Paka wa Mji wa Kale wamekulia samaki, na samaki, pamoja na nyama ya ng'ombe na kuku, ndiye husumbua paka zaidi. Huyo afungiwe ndani. Akitoka, kila baraza ina mtu wa kumtupia kichwa cha samaki.

3. Changanya chakula kipya na cha zamani, ukiongeza kipya kwa siku 7 hadi 10. Paka akigoma siku nzima, mrudishie anachokula. Usimshindishe na njaa, hasa mnene, kwani ini hujaa mafuta.

4. Wiki 8 kamili. Kuharisha hutulia ndani ya wiki 2 au 3, ngozi huchelewa. Masikio na ngozi yenye fangasi au bakteria vitibiwe kwanza. Steroidi mwanzoni sawa, lakini wiki 2 za mwisho ziende bila.

5. Rudisha chakula cha zamani. Mkiruka hatua hii hamna jibu, mna mbwa aliyepata nafuu tu. Mwasho wa chakula kwa kawaida hurudi ndani ya siku 14. Usiporudi, huenda kilichomponya ni dawa ya viroboto. Joto letu la pwani huwazalisha mwaka mzima.

6. Mfuko ukae mwenyewe ndani ya debe lenye kifuniko. Usimimine kwenye ndoo iliyokuwa na chakula chenye nyama ya kuku. Mafuta na vumbi vyake hubaki.

7. Taja bei ya wiki zote 8 siku hiyo hiyo. Asiyemudu, kwa mbwa mzima mpangie nyama moja ambayo hajawahi kula, sungura kwa mfano, na viazi vitamu, bila chumvi wala kitunguu.