Wale wawili waliolala chini ya rundo la ngano

Mwanangu,

Umeuliza kama mchoraji Van Gogh alimwibia mchoraji mwenzake Millet ile "La Méridienne", picha ya wakulima mume na mke waliolala adhuhuri, na mbona ya Millet inaelekea upande mwingine. Tena unataka kuinakili kwa ukubwa wake.

Hakuiba wala hakuficha. Aliichora kati ya Desemba 1889 na Januari 1890, akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Ufaransa. Mkononi alikuwa na picha iliyopigwa chapa kwa ubao uliochongwa na Jacques-Adrien Lavieille kutokana na mchoro wa Millet, nyeusi na nyeupe tupu. Kilichochongwa kwenye ubao hutoka kimegeuka kikipigwa chapa. Ndiyo maana ukiiweka kando ya ile pasteli (picha ya chaki za rangi) ya Millet iliyoko Boston, Marekani, kulia kumekuwa kushoto. Mistari basi ni ya Millet. Rangi zote ni za Van Gogh, maana chapa haikumpa hata moja. Mwenyewe alimwandikia nduguye Theo kwamba kazi hiyo ni kama kufasiri, na mimi naafiki.

Haya, tuje kwenye kunakili. Kitambaa ni sentimita 73 kwa 91. Chapisha picha kwa 14.6 kwa 18.2, uipige miraba ya sentimita 2. Kwenye kitambaa piga ya sentimita 10, kisha unakili mraba kwa mraba. Safu za mwisho hazitatimia. Usizivute zitimie, utawarefusha maksai wa nyuma wafanane na farasi. Usione haya kupiga miraba: Van Gogh naye aliipiga alipomnakili Millet katika picha ya "Hatua za Kwanza".

Kinachowashinda wengi ni buluu ya nguo. Ukiipitisha juu ya njano mbichi ya mabua, unapata kijani chafu na jua lote la adhuhuri linazimika. Kwa hiyo acha nafasi ya nguo wazi tangu mwanzo, upake buluu humo, mipaka iguse tu. Brashi ya njano isiingie kwenye buluu hata ukiiosha. Usilainishe; mabrashi yafuate mabua yalivyolala. Kivulini tia zambarau, si nyeusi.

Nyuso hazitakusumbua: mume kajifunika kofia, mke kaficha wake mikononi. Tumia muda huo kwa viatu vilivyovuliwa na ile miundu miwili, iliyolazwa pamoja kama wenyewe.

Ukimaliza nipigie picha mchana, dirishani. Chini ya taa buluu hudanganya.

Baba yako