Shuka na shusha: phrasal verbs za safari bila kukariri orodha

Phrasal verbs ni vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na kaneno kadogo kama up, on au off kanakobadilisha maana. Orodha ya "get" ndiyo inayowachosha wengi: get up, get on, get off, get in, get out, get over. Unakariri jioni, wiki haijaisha vyote vimeshavurugana, kwa sababu maneno yenye sura moja yakisomwa pamoja hugombana kichwani. Afadhali uyapange jinsi safari inavyokwenda. Unaanza safari, set off. Ndugu wanakusindikiza uwanja wa ndege, see you off. Unaonyesha tiketi na kukabidhi mizigo, check in. Ndege inapaa, take off, inatua, touch down, kisha mwenyeji anakuja kukuchukua, pick you up. Vitenzi kama kumi vya namna hiyo vinakutosha kuanzia.

Sasa tazama Kiswahili kinavyofanya. Sisi hubadilisha mkia wa kitenzi: abiria anashuka, dereva anamshusha. Kiingereza hakina mkia huo, hivyo kinategemea kale kaneno ka pembeni na hata kitenzi kingine kabisa: abiria "gets off", dereva "drops him off". Kwa hiyo kila ukikutana na kitenzi kipya jiulize kama kuna anayetendewa, na kama yupo, anakaa wapi katika sentensi.

Hapo ndipo makosa mengi yalipo. Jina linakubali pande zote mbili: "drop off my sister" na "drop my sister off" ni sawa. Likigeuka kiwakilishi, lazima liingie katikati: "drop her off". Ukisema "drop off her", umekosea. Ila vitenzi vingine havipasuliki hata kidogo. "Get on" ni kimoja, na basi likiwa "it" utasema "get on it". Ndiyo maana kuandika daftarini "drop off = kushusha" ni kazi bure. Andika sentensi nzima yenye "me" ndani yake: "Drop me off at the station", nishushe stesheni. Sikio litaizoea nafasi ya kiwakilishi bila wewe kukumbuka kanuni.

Kuhusu kupanda na kushuka kuna kipimo chepesi. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni, ndege au meli, ni "get on" na "get off". Gari dogo na teksi ni "get in" na "get out of". Hiyo "of" huangushwa sana. Baiskeli na pikipiki, kwa kuwa unakaa juu yake, zinarudi kwenye "on".

Matamshi nayo yana siri yake. Kitenzi "check in" hutiwa mkazo kwenye "in" na huandikwa bila kistari. Nomino "check-in" ina kistari, na mkazo unahamia mwanzo.

Neno letu "safari" linabeba mengi mno, na linaponza. Kwa Kiingereza safari uliyokwenda ni "trip", mwendo wenyewe ni "journey", ya ndege ni "flight". "Travel" kama nomino haihesabiki, kwa hiyo "I had a good travel" si sahihi. Na ukimwambia Mwingereza uko "on safari" atadhani umekwenda kutazama simba! "Luggage" pia haina wingi: sema "two bags" au "two pieces of luggage".

Kwenye tiketi, Waingereza husema "single" na "return", Wamarekani "one-way" na "round trip". Usichanganye "direct" na "non-stop". Ndege ya "direct" inaweza kutua njiani na kuendelea kwa namba ileile ya safari. "Non-stop" haitui popote.

Matangazo yana msamiati wake: board, depart, collect. Abiria wenzako watasema get on, leave, pick up. Ubaoni utasoma "delayed", jirani yako atalalamika "we were held up", yaani tulicheleweshwa. Usishtuke, ingawa maneno hayohayo hutumika pia kwa watu waliotekwa na majambazi.

Mazoezi: simulia safari moja kwa sauti, dakika mbili. Kisha irudie ukiondoa majina yote na kuweka viwakilishi: "pick up the bags" iwe "pick them up". Jirekodi kwa simu. Ukijisikia unasema "pick up them", irudie sentensi hiyo mara tano kabla ya kuendelea.