Makopa ya muhogo mchungu: kukauka si kutoka sumu

Ndugu, umeuliza kama makopa yakianikwa mpaka yakauke kabisa yanakuwa salama. Kwa muhogo mchungu, hapana.

Sumu ni sianidi, na imefungwa ndani ya kemikali iitwayo linamarini. Kimeng'enya cha kuivunja kimo humohumo kwenye mzizi, ila vimetengana; vinakutana muhogo ukipondwa, ukisagwa au ukivunda. Kopa zima likianikwa kwenye jua kali, maji yanakwisha kabla kazi haijafanyika. Kusonga ugali hakusaidii, maana moto unakiua kimeng'enya na linamarini inabaki.

Kuloweka ndiyo njia nzuri: menya, zamisha siku 3 hadi 4 mpaka muhogo ubonyee kwa kidole, kisha anika. Lakini Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, ambako ndoo ya maji ni ya kutafuta, nani ataloweka magunia? Basi shughulikia unga wenyewe kabla ya kupika.

Weka unga mkavu kwenye beseni, usawazishe bila kuushindilia, tia alama ndani ya beseni pale unga ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukichanganya. Mwanzoni unga utashuka chini ya alama, usishtuke. Endelea mpaka unga upande tena na kuifikia alama. Hapo acha maji. Tandaza kwenye turubai safi au mkeka, unene usizidi sentimita 1, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Hapo kimeng'enya kinaivunja linamarini, na sianidi inatoka yenyewe kama gesi. Songa ugali siku hiyohiyo, kwani ukiulaza unachacha.

Wengi wanaharibu kwenye kutandaza. Unga ukiwa mnene, au ukiachwa umefunikwa kwenye beseni, gesi haina pa kutokea.

Njia hii hupunguza sumu mara 3 hadi 6, haiimalizi. Kiwango cha juu cha sianidi kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 10 kwa kilo ya unga, na mwaka wa ukame muhogo huwa na sumu zaidi. Ndipo unapokuja ugonjwa wa konzo, ambao Mtwara imeshauona: miguu inakakamaa ghafla na haiponi, hasa kwa watoto na kina mama wa umri wa kuzaa. Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia protini, kwa hiyo ugali wa muhogo usiliwe kwa kisamvu peke yake siku nenda siku rudi. Kunde, mbaazi au dagaa, hata kidogo, viwepo, na sahani ya mtoto ipakuliwe mboga kwanza.