Maana ya sōphrōn katika 1 Timotheo 3:2

Umeuliza kama neno la Kigiriki sōphrōn hapo, katika sifa za askofu, ni "mwenye kiasi" au "mwenye busara". Ni busara. "Kiasi" ni nēphalios, neno linalotangulia, ambalo asili yake ni kutohusika na divai. Watu huyachanganya kwa sababu Tito 2:5, katika Biblia ya Union, sōphrōn hilohilo limegeuzwa kuwa "wenye kiasi".

Sōphrōn limeungwa kwa sōs, yaani zima au salama, na phrēn, akili. Kwa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, phrēn ilikaa kifuani, penye hisia na mawazo pamoja. Basi ni mtu ambaye tamaa haimburuzi, akili yake iko mahali pake. Kitenzi chake kimo Marko 5:15: yule aliyekuwa na pepo ameketi, amevaa nguo, "ana akili zake". Anzia hapo, utalielewa vizuri kuliko kwa kamusi.