Uhakiki wa anime ni ushahidi: ushauri kwa Mkristo anayeandika

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wazazi wa kanisani, na siku hizi hata na vijana wenyewe, ni hili kuhusu anime, yaani katuni za Kijapani: "Hii anime ni ya kishetani au siyo?" Wanataka ndiyo au hapana, na ninawaelewa. Mtoto amejifungia chumbani na simu, kwenye kioo kuna kiumbe mwenye meno ya kutisha, na mzazi hana muda wa kukaa kutazama sehemu thelathini na kitu. Lakini nimeandika uhakiki wa anime kwa muda wa kutosha kuamini kwamba ndiyo au hapana tupu haimsaidii mzazi huyo. Anachohitaji ni kujua kilichomo. Na kumweleza kilichomo, kwa haki, ni kazi ya Kikristo kabla hujanukuu hata aya moja.

Ninasema hivyo kwa sababu ya Kutoka 20:16: usimshuhudie jirani yako uongo. (Wengi wetu tunaihesabu kuwa amri ya tisa, Wakatoliki na Walutheri huihesabu ya nane.) Aliyekaa Tokyo akaandika hadithi ile ni jirani yako pia. Ukisema kazi yake inafundisha jambo ambalo haifundishi, umemsingizia, hata kama nia yako ilikuwa kulilinda kundi. Halafu kijana aliyeitazama anasoma ulichoandika, anaona hukuitazama, na kuanzia siku hiyo hakuamini tena hata unapozungumza juu ya Kristo. Hilo la pili ndilo linaloniumiza zaidi.

Chukua Death Note, ya mwaka 2006 hadi 2007. Wazazi huogopa Ryuk, yule shinigami, mungu wa mauti anayeangusha daftari duniani kwa sababu amechoka kukaa bila la kufanya. Sura yake inatisha kweli. Lakini ukiitazama sehemu zote 37 utagundua kwamba wa kuogopwa zaidi ni Light Yagami, mwanafunzi bora, mtoto mwenye adabu ambaye kila mzazi angependa kuwa naye. Anaanza kwa kuwaua wahalifu kwa kuandika majina yao katika daftari lile, na hachelewi kusema atakuwa mungu wa dunia mpya. Katika mitaa yetu mwizi akipigwa hadi kufa, wapo wanaoshangilia, na baadhi yao Jumapili wako ibadani. Mzazi akiniuliza kuhusu Death Note, ninamwambia: mweleze kijana wako habari za Light, kisha muulize kama kuna mtu ambaye yeye mwenyewe angemwandika. Mazungumzo hayo yatawafikisha mbali kuliko kupokonya simu.

Kwa hiyo maliza kutazama kabla hujahukumu. Fullmetal Alchemist: Brotherhood ina sehemu 64, na mapema kabisa Edward na Alphonse Elric wanafika katika mji ambao kuhani aitwaye Cornello anawahadaa watu kwa miujiza ya uongo, akimwahidi binti mmoja, Rose, kwamba atamfufulia mpenzi wake aliyekufa. Edward anamwumbua, na anasema maneno makali juu ya imani. Ukizima hapo utaandika kwamba hii ni kazi ya kupinga dini. Ukiendelea, utaona hadithi nzima inahojiana na kanuni moja: ili upate kitu, lazima utoe chenye thamani ileile. Kwa kanuni hiyo wale ndugu walijaribu kumrudisha mama yao. Mmoja akapoteza mguu, mwingine mwili wote. Na karibu na mwisho kabisa Alphonse anataja kanuni nyingine: ukipokea kumi, ongeza moja ya kwako, mpe mwingine kumi na moja. Mkristo anayeijua neema hawezi kukosa la kuandika hapo. (Ukiandika, weka onyo kwanza kwa ambao hawajamaliza. Mimi hapa nimefichua kwa sababu bila mwisho huo hoja yangu haisimami.)

Katika anime hiyohiyo kuna tukio ninaloliona kuwa la thamani kuliko mahubiri mengi niliyosikia juu ya msamaha. Wazazi wa Winry, rafiki wa utotoni wa wale ndugu, walikuwa madaktari, wakauawa na Scar, mtu ambaye taifa lake liliangamizwa na jeshi. Baadaye Scar yuko mbele yake, amejeruhiwa, na Winry anachukua kitambaa anamfunga jeraha. Scar anashangaa: unanisamehe? Winry anamwambia wazi kwamba hajamsamehe; anamfunga jeraha kwa sababu wazazi wake wangefanya hivyo. Makanisani kwetu tunawaharakisha watu watamke "nimesamehe" wakati moyo bado unavuja damu. Sisemi Winry amefika mwisho wa safari. Yesu anatuita mbali zaidi ya hapo. Ila mkono wake umetangulia kutii kabla moyo haujaweza, na nadhani Mungu anauona mkono huo.

Je, lazima umalize kila kitu? Hapana. Goblin Slayer ya mwaka 2018 ina tukio la ubakaji katika sehemu yake ya kwanza kabisa. Niliizima. Sikuiandikia uhakiki, niliandika mistari michache kueleza kuna nini, nimeishia wapi na kwa nini. Dhamiri yako ni amana, na Warumi 14 inakupa ruhusa ya kuacha bila kumdharau anayeendelea. Kinachokatazwa ni kuzima katika sehemu ya kwanza kisha kuandika kana kwamba uliiona ya mwisho.

Jambo jingine ni kuijua Japani kidogo. Si lazima ujue Kijapani. Jua historia. Fransisko Xavier alifika Kagoshima mwaka 1549, na Ukristo ukaenea kwa kasi. Mwaka 1597 waumini 26 walisulubiwa Nagasaki, wakiwemo watoto. Mwaka 1614 dini hiyo ikapigwa marufuku nchi nzima, na waliobaki wakaishika imani kwa siri, vizazi kwa vizazi, bila mapadri, hadi marufuku ilipoondolewa mwaka 1873. Sisi tunaowakumbuka mashahidi wa Namugongo tunapaswa kuwaheshimu watu hao. Leo Wakristo Japani ni kama asilimia moja tu, kwa hiyo kwa Mjapani wa kawaida msalaba ni alama ya kigeni, yenye mvuto wa fumbo.

Ukilijua hilo, utaielewa Neon Genesis Evangelion iliyoanza mwaka 1995. Imejaa misalaba, malaika, Adamu, mkuki wa Longino (askari ambaye kwa mapokeo alimchoma Yesu ubavuni), magombo ya Bahari ya Chumvi. Kuna Wakristo waliosema ni kufuru, na wengine waliosema ni injili iliyofichwa. Kazuya Tsurumaki, mwongozaji msaidizi, alieleza kwamba walizitumia alama hizo ili kazi yao itofautiane na anime nyingine za maroboti makubwa, na kwamba hazikubeba maana ya Kikristo. Unaweza kulisikitikia hilo. Mimi nalisikitikia, kwa sababu msalaba si pambo. Lakini uhakiki unaotumia kurasa nzima kufumbua fumbo ambalo waandishi hawakuliweka unamkosesha msomaji kile kilichomo kweli: kijana Shinji, aliyetupwa na baba yake, anayeogopa kumkaribia mtu yeyote asije akaumizwa. Andika juu ya Shinji. Vijana wa aina hiyo tunao.

Vivyo hivyo na roho na miungu. Katika Spirited Away ya Hayao Miyazaki, mwaka 2001, msichana Chihiro anafanya kazi katika nyumba ya kuogea ya miungu. Hao si mapepo ya ibada zetu za maombezi. Wanatoka katika imani ya Shinto, ambamo mto una roho yake na mlima una yake. Kuna mgeni anafika akinuka kupita kiasi, amefunikwa tope. Chihiro anashika kitu kilichomkwama ubavuni, wote wanavuta, inatoka baiskeli, na nyuma yake takataka tele. Kumbe alikuwa roho wa mto uliochafuliwa. Msomaji wa Dar es Salaam anayeujua Msimbazi hahitaji maelezo.

Hapa Mkristo wa Afrika ana wajibu wa pekee. Dini ya babu zetu iliitwa ya kishetani na watu ambao hawakukaa chini kuuliza wazee waliamini nini, na John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Kenya, alitumia usomi wake kuipinga hukumu hiyo. Tusiwatendee Wajapani tulichotendewa sisi. Eleza kwanza Shinto inasema nini. Kisha sema bila kuficha unapotofautiana: kwamba mto ni kiumbe, wa kutunzwa na si wa kuabudiwa, na kwamba ibada ni ya Muumba peke yake. Msomaji atakusikiliza, kwa sababu ameona umeelewa.

Lakini kama kuna anime moja ambayo ningependa kila Mkristo mwandishi ashindane nayo, ni Vinland Saga. Humo Ukristo si pambo. Ni karne ya 11, Wadenmaki wanaivamia Uingereza, na katikati ya jeshi kuna mtawa mlevi, Willibald, anayeuliza upendo ni nini. Mwana mfalme Canute anamlilia Ragnar, mlezi wake aliyeuawa, na anasema Ragnar alimpenda. Willibald anamjibu kwamba ule haukuwa upendo, ulikuwa ubaguzi: Ragnar aliwaacha wanakijiji wauawe ili Canute awe salama. Na anaendelea: maiti ile kwenye theluji ndiyo yenye upendo kamili, kwa sababu haichukii, haiui, haipori, na inawaachia ndege na wadudu nyama yake.

Nilitembea na maneno hayo muda mrefu. Nusu ya kwanza nimo kabisa. Yesu mwenyewe alisema kuwapenda wanaotupenda si ajabu, hata watoza ushuru hufanya hivyo. Na sisi tunaojua ukabila unavyovaa sura ya kupenda ndugu tusijifanye hatujui Willibald anasema nini. Nusu ya pili ndipo ninapomkatalia. Upendo usioweza kudhuru kwa sababu hauwezi lolote si upendo ninaouona katika Injili, ambako Mwana wa Mungu alikuwa na mikono hai, akaigusa ngozi ya mwenye ukoma. Canute naye anaondoka hapo na hitimisho lake: kama Mungu yuko kimya, atajenga paradiso duniani mwenyewe, kwa upanga. Canute wa historia aliitawala Uingereza kuanzia mwaka 1016 na akahiji Roma mwaka 1027, kwa hiyo swali la mfalme Mkristo na upanga wake si la kubuni.

Ukifika kwenye ukatili wa anime kama hii, usiandike "ina ukatili" ukaishia hapo. Sema ni ukatili gani, unaonyeshwa kwa kiasi gani, na kama kazi inakutaka uufurahie au uuchukie. Taja uchi kama upo. Pendekeza umri. Mzazi atakushukuru kwa sentensi mbili za namna hiyo kuliko kwa aya nzima ya maonyo.

Na kabla hujachapisha, mpe rafiki anayeipenda anime hiyo na asiye Mkristo aisome. Usimwulize kama amekubaliana na wewe. Mwulize kama hiyo ndiyo hadithi aliyoitazama. Akisema hapana, rudi ukatazame tena sehemu anayokutajia. Kama hujui uanzie wapi, anza na msimu wa pili wa Vinland Saga, wa mwaka 2023: Thorfinn, muuaji aliyekuwa mtumwa, anasimama mbele ya Canute bila silaha, wote wawili wakitaka amani. Andika ni nani kati yao unayeona yuko karibu na Mahubiri ya Mlimani, na utoe sababu zako kutoka kwenye matukio, si kutoka kwenye kichwa cha habari.