Swali la lugha: Gari limezungukwa, au limeachwa?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Jacksonville, Florida, na kila Februari tunakwenda Daytona kutazama mbio za magari. Safari hii nilikuwa nikimsimulia shemeji yangu kwa simu, nikamwambia, "Lile gari letu limezungukwa mara mbili." Akashtuka: "Limezungukwa na nani? Polisi?" Nilitaka kusema kwamba gari linaloongoza lilikuwa limeshalipita letu mara mbili, kwa hiyo letu lilikuwa nyuma mizunguko miwili kamili. Kiswahili chake ni kipi? Tena kuna mahali nimekuta mbio hizi zikiitwa "mbio za magari ya hisa". Je, ni sahihi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Shemeji amekusikia sawasawa. Ukisema kitu kimezungukwa, msikilizaji anakiona kimekaa katikati na vingine vimekizingira: Unguja imezungukwa na bahari, boma limezungukwa na michongoma, mwizi amezungukwa na watu. Kinachozungukwa hutulia pale katikati. Gari lenu halikuwa katikati ya chochote. Lilikuwa kwenye lami ileile, likikimbilia upande uleule, ila lilikuwa limechelewa.

Ndugu wengine wa kitenzi hicho nao hawatakusaidia. "Kumzungusha" mtu ni kumpa njoo kesho, nenda dirisha la tatu, rudi Jumatatu. Ukisema anayeongoza amemzungusha mwenzake, umemfanya karani. Hata "gari limezunguka" peke yake ina utata, kwa sababu huenda limemaliza mzunguko salama, na huenda limeteleza likageuka mbele nyuma katikati ya wenzake. Uwanjani hayo mawili hayafanani hata kidogo, na shemeji aliye mbali anastahili kujua ni lipi. Kwa hilo la pili tunao msemo wa tangu utotoni: gari limezunguka kama pia. Aliyewahi kuchezea pia ataliona mara moja, na atamwogopea dereva.

Jina la kila zamu ya kuuzunguka uwanja ni "mzunguko", wingi "mizunguko". Wengine husema "raundi", nami siikatai, ingawa masikioni mwa wengi raundi ni ya ndondi. "Duru" tumeshawaachia waandishi wa habari na uchaguzi. Na usichanganye mzunguko na "mzingo", ambao ni urefu wa ukingo wa umbo kuzunguka pande zote. Mzingo wa uwanja wa Daytona ni maili 2.5, yaani kilomita 4 hivi. Mizunguko ya mbio kuu ni 200. Ukizidisha unapata zile maili 500 zilizo katika jina la Daytona 500. Tukiyatenga maneno haya mawili, hesabu inakaa sawa bila maelezo marefu.

Sasa kiini cha swali. Neno unalolitafuta ni "kuachwa". Sikulitoa kamusini. Shuleni kwetu mbio za mita 5,000 zilikimbiwa kwenye uwanja wa mizunguko kumi na mbili na nusu, na mwalimu wa michezo alihesabu kwa kokoto, anahamisha moja moja kutoka mkono huu kwenda ule. Mwaka mmoja kijana wa bweni letu alitokea kwenye kona wa kwanza, peke yake, mikono inapiga upepo, sisi tukapiga kelele kama tumeshapewa ng'ombe wa zawadi. Mama mmoja muuza maandazi, aliyekuwa akitazama tangu mwanzo, akasema taratibu: "Kaachwa huyo." Na kweli alikuwa ameachwa mzunguko mzima. Waliokuwa nyuma yake machoni walikuwa mbele yake kokotoni.

Yule mama alikuwa na Kiswahili chote kinachohitajika Daytona. Kwenye njia iliyonyooka, aliye mbele yuko mbele, basi. Kwenye uwanja wa kuzunguka jicho linadanganya, na lugha inabidi itenge linaloonekana na linalohesabiwa. Nionavyo mimi, "kupita" ni kitenzi cha jicho na "kuacha" ni kitenzi cha hesabu. Gari lililoachwa mizunguko miwili linaweza kulipita linaloongoza mbele ya macho ya maelfu, na bado likawa nyuma. Utasema: "Amempita anayeongoza, lakini bado ameachwa mzunguko mmoja," na hakuna atakayeuliza habari za polisi.

Tahadhari moja. Usiliache neno hili uchi. "Ameachwa", ikikomea hapo, ni habari ya ndoa, na ukiisema kwa simu ya mbali utawaliza watu bure. Kuna pia kuachwa na basi, kuachwa na treni. Taja kipimo: ameachwa mzunguko mmoja, ameachwa mizunguko miwili. Kitenzi hiki hukibeba kipimo chake bila kuhitaji "kwa", kama vile tunavyosema walifungwa mabao mawili. Ukisema "ameachwa kwa mizunguko miwili" sitakukata neno, lakini ile ya kwanza ni nyepesi zaidi mdomoni. Na anayewaacha wengine muite "anayeongoza". "Kiongozi" wenzetu wengi wanamsikia akiwa jukwaani.

Hili si la wapenda sarufi tu. Tarehe 22 Februari 1959, katika Daytona 500 ya kwanza kabisa, magari matatu yalifika mstarini yakiwa sambamba: la Lee Petty, la Johnny Beauchamp na la Joe Weatherly. Aliyetazama kwa jicho aliona washindani watatu. Aliyehesabu alijua Weatherly alikuwa tayari ameachwa, hana lake katika ushindi, ila alikuwa pale akiwaziba watu wasione vizuri. Siku ile alishangiliwa Beauchamp. Bill France, mwanzilishi wa NASCAR, chama kinachosimamia mbio hizi, akakusanya picha na filamu, na Jumatano, siku tatu baadaye, akamtangaza Petty.

Na kisa kingine kilitokea hukohuko kwenu Jacksonville, tarehe 1 Desemba 1963, kwenye uwanja wa udongo wenye mzingo wa nusu maili. Mizunguko iliyotakiwa ilikuwa 200. Wendell Scott, Mmarekani Mweusi aliyekuwa fundi wa gari lake mwenyewe, alikuwa amemwacha Buck Baker mizunguko miwili. Soma tena sentensi hiyo: amemwacha, mizunguko miwili. Lakini bendera ya ushindi, ile yenye miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti, ilipeperushwa kwa Baker, na kombe akapewa Baker. Scott akaendelea kuzunguka, akafikisha mizunguko 202. Watazamaji walipokwisha kuondoka, waandalizi wakakiri kwamba mshindi ni Scott, wakasema walikosea kuhesabu. Scott mwenyewe hakuamini kwamba lilikuwa kosa la hesabu. Alikuwa Mweusi wa kwanza kushinda mbio za ngazi ya juu ya NASCAR, na hakusherehekea mbele ya mtu yeyote. Alifariki mwaka 1990. Familia yake ilikabidhiwa kombe na NASCAR mwaka 2021, hapo Daytona. Nikikumbuka kisa hiki naona kwa nini haifai kuridhika na "alimpita". Kumpita Baker hakukuwa na ubishi. Alichonyimwa Scott siku ile ni kile kilichomo katika "alimwacha".

Aliyeachwa anaweza kurudi. Tangu mwaka 2003, bendera ya njano, ile ya kupunguza mwendo, ikitoka kwa sababu ya ajali, gari lililo mbele kuliko yote yaliyoachwa hurudishiwa mzunguko mmoja bila kushindana na mtu. Hapo sema "amerudishiwa mzunguko". Lakini dereva akimpita anayeongoza kwa nguvu za injini yake na kufuta deni mwenyewe, napenda tuseme "ameukomboa mzunguko wake", kama mtu anayekomboa kitu alichokiweka rehani. Tusizichanganye hizi mbili, maana mmoja kapewa na mwingine kajitafutia.

Swali lako la pili: "magari ya hisa" si sahihi, liache kabisa. Hisa ni sehemu ya umiliki katika kampuni. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa, "stock", lina maana nyingi, mtu akachukua ya soko la fedha akaibandika kwenye magari. Maana iliyokusudiwa ni bidhaa iliyopo dukani, na wenye maduka yetu wanayo tayari: "stoki imeisha", "stoki mpya inaingia kesho". Gari la stoki lilikuwa gari lile ambalo mimi na wewe tungeweza kulinunua. Mwanzoni ilikuwa sheria yenye meno. Juni 1949, huko Charlotte, Glenn Dunaway alifika wa kwanza, gari lake likakaguliwa, springi za nyuma zikakutwa zimebadilishwa, si kama zilivyotoka kiwandani. Akaondolewa, ushindi akapewa Jim Roper.

Magari ya leo ni ya stoki kwa jina tu. Hujengwa na timu kwa ajili ya mbio peke yake. Ukipata nafasi ya kulikaribia moja, zitazame taa za mbele: ni picha za kubandika. Milango haifunguki, dereva huingia kwa dirishani, miguu kwanza, kisha wavu unafungwa pale palipotakiwa kuwa na kioo. Ndiyo maana "magari ya kawaida" nayo, ambayo wengine wameipendekeza, inampotosha msikilizaji. Andika "mbio za magari ya stoki", lieleze neno mara moja, uendelee. Ukizungumza na shemeji, "mbio za magari" peke yake atazisikia kama Safari Rally, vumbi na matope na njia za mashambani. Kwa hiyo ongeza "za kuzunguka uwanja". Umbo la uwanja wenyewe liite la yai, na zile kona ni kona zilizoinuliwa upande wa nje, nyuzi 31 pale Daytona, mwinuko ambao mtu akiupanda kwa miguu hujikuta ameinama kushika lami. Wanakata kushoto tu, siku nzima. Kipilefti chetu cha Tanzania huzungukwa kwa kwenda kulia, kama mshale wa saa. Wao huenda kinyume. Na kipilefti, unaona, kinazungukwa kweli, maana kimekaa katikati.

Umenipa mfano mzuri bila kujua uliposema "gari letu". Namba za ubavuni huleta tatizo la upatanisho wa kisarufi. Scott alikuwa 34, Petty wa mwaka 1959 alikuwa 42. Je, "34 anaongoza" au "34 linaongoza"? Yote mawili ni Kiswahili, mradi ujue unamtaja nani. Ukimkusudia mtu: 34 anaongoza, 34 amekasirika, 34 amemwacha mwenzake. Ukikusudia chombo: 34 limepata pancha, 34 linatoa moshi. Msimulizi mzuri hubadilisha katikati ya sentensi bila kumkwaza mtu: "34 limegonga ukuta, lakini ametoka salama." Ile "a" ya "ametoka" ndiyo inayoishusha pumzi ya familia nyumbani.

Kuhusu kusimama kwa huduma sina mengi. Usiseme gari "limeingia shimoni", ijapokuwa gereji zetu zina shimo la fundi. Atakayesikia atadhani barabara ilibomoka. Sema "limeingia piti". Yanayofanyika huko yana Kiswahili kilichokomaa gereji zote za Ilala: wanapiga jeki, wanalegeza nati, wanachomoa gurudumu, wanakaza, wanashusha, na mafuta yanamiminwa kutoka kwenye dumu linalobebwa begani. Tangu 2022 kila gurudumu lina nati moja kubwa. Zamani zilikuwa tano.

Na ile hali ya gari kujibanza nyuma ya jingine ili lisipigwe na upepo, wewe mtu wa Tanga waulize wazee wa ngalawa. Watakwambia upande wa upepo ni joshini, upande uliokingwa ni demani. Mimi ningesema bila kusita kwamba gari la nyuma "limekaa demani".

Basi mbio zijazo zikiisha mpigie tena shemeji, umwambie: "Letu liliachwa mizunguko miwili mapema, likapata pancha, likaingia piti. Bendera ya njano ilipotoka akarudishiwa mmoja. Wa pili akaukomboa mwenyewe, amekaa demani nyuma ya anayeongoza mpaka kona ya mwisho, akachomoka, akampita."