Bit zinalingana, ila nyimbo zinagombana

SWALI: Kaka za saa hizi, mi dj wa sherehe huku Mbagala, harusi, sendofu, kichen pati zote napiga, na sahivi nimeanza kutengeneza bit kwa FL Studio, ile programu ya muziki ya kompyuta. Shida nikimiksi nyimbo mbili bit zinakaa freshi kabisa ila sauti zinagombana. Na kwenye bit zangu beiz haikai, naotea tu. Mshkaji kaniambia nikasome theori, noti za kwenye mistari na nini, ni lazima? Hela ya shule sina.

JIBU: Salama mdogo wangu. Noti za mistari achana nazo kwa sasa, hizo utazihitaji siku ukikaa na wapiga violini. Wewe unachokosa ni kujua kii, yaani noti ya nyumbani ya wimbo na kundi la noti zinazoendana nayo.

Tuseme nyimbo zako zote mbili ziko A maina (A ndo noti ya nyumbani, maina ni aina ya kii yenye huzuni kidogo, meja ndo ile changamfu), moja BPM 100, yaani mapigo 100 kwa dakika, nyingine 106. Ukiipandisha ile ya 100 mpaka 106 bila kuwasha kitufe cha kushikilia kii (kwenye deki za Pioneer kimeandikwa Master Tempo), hiyo asilimia 6 inaisogeza nusu toni juu (hatua moja ndogo kabisa kwenye kinanda), inakuwa B flati maina wakati mwenzake kabaki A, hapo lazima zigombane hata kama bit zimeganda. Kwa hiyo kitufe kiwashe. Halafu programu nyingi za dj zinaonyesha kii kwa namba, 8A ndo A maina, inakaa vizuri na 7A, 9A na 8B. Hiyo 8B ni C meja, noti zake ni zilezile saba. Ila usiiamini sana programu, mara nyingi inachanganya maina na meja yake, we iimbe mdomo ukiwa umefumba ile sauti ambayo wimbo ukiishia hapo unahisi umetulia, kisha itafute kwenye kinanda.

Kuhusu beiz, hapo ndo maprodyuza wengi wanaumia. Ukidondosha sampo ya 808 (kipande kilichorekodiwa cha ile beiz nzito ya elektroniki) kwenye FL yenyewe inachukulia hiyo sampo ni C. Kama ilirekodiwa F sharpu, ukibonyeza A inalia D sharpu, na A maina haina hiyo noti kabisa! Utabadilisha kodi (noti zinazopigwa pamoja) usiku kucha na kosa liko kwenye sampo. Isikilize kwanza ni noti gani, urekebishe noti yake ya msingi, ndo uanze kupiga. Log dram, ile beiz ya kugonga ya amapiano, nayo hivyohivyo.

Umewahi kuimba kwaya? Kama solfa (do re mi) unaijua basi nusu ya kazi umemaliza, maana A maina ni la ti do re mi fa so, na kodi yake ni la-do-mi, yaani A C E. Ruka noti moja moja hivyohivyo kuanzia F unapata F A C, kuanzia G unapata G B D. Kaa na skeli hiyo moja tu (hizo noti saba kwa mpangilio) mpaka vidole vizoee, kibodi ya kompyuta inatosha, usinunue kitu.

Na usije ukawa mtumwa wa theori pia, singeli ilianza na vipande vya taarabu vilivyoharakishwa, BPM 200 na zaidi, sidhani kama kuna mtu alikaa kupima kii, na uwanja ulijaa vumbi.

Wiki hii chukua wimbo mmoja unaoupiga kila wikiendi, itafute beiz yake kwa sikio, noti kwa noti, bila kuangalia YouTube. Ukikwama noti gani niandikie.